Barua ya wazi kwa TAMISEMI na wakurugenzi wa Dar: choreni upya mipaka ya shule kabla ya 2028

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, kwa wakurugenzi wa Jiji, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, na kwa maafisa elimu wote kuanzia mkoani mpaka kwenye kata.

Shikamooni wakuu, na wale rika langu habari za kazi.

Naenda moja kwa moja maana najua mafaili mezani ni mengi. Naomba mchore upya mipaka ya shule za serikali hapa Dar, yaani ile mistari inayoamua mtoto wa mtaa gani anaandikishwa wapi darasa la kwanza na akimaliza la saba anapangwa sekondari gani ya kutwa. Na mnapochora msihesabu madawati peke yake, muangalie na nani anakaa na nani kwenye hilo dawati. Manake saivi tulivyopangwa, watoto wa mama ntilie wanasoma na watoto wa mama ntilie wenzao, watoto wa waajiriwa na wenye maduka wanajazana kwenye shule chache za serikali zinazosifiwa, na wenye nazo hatuwaoni kabisa, wao wanapitiwa na gari la shule la njano kabla jua halijatoka. Watu wanaongea kama vile hii hali imeota yenyewe tu. Haijaota, kuna watu walikaa na ramani.

Mji huu tangu mwanzo ulichorwa kwa rangi za watu. Wajerumani walianza, Waingereza wakaendeleza, Uzunguni kule Oysterbay, Uhindini katikati kwenda Upanga, Uswahilini Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi hapo kati ili watu wasichanganyikane. Shule zikafuata mstari huo huo, za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila kundi na fungu lake la pesa. Serikali ya uhuru ikaja ikafuta ubaguzi wa rangi mashuleni kuanzia Januari 1962, alafu 1969 ikapitishwa sheria ya elimu iliyoziweka shule nyingi za misheni na za jumuiya mikononi mwa serikali, ndo maana Tambaza leo ni shule ya umma wakati ilikuwa ya Aga Khan, na Azania iliyokuwa ya Wahindi leo anasoma yeyote.

Na hawakuishia hapo. Nafasi za sekondari zikawa zinagawiwa kwa mgao wa mikoa ili ile mikoa iliyowahi shule za misheni isibebe zote, na ukishachaguliwa unapelekwa popote nchini, mtoto wa Mtwara anajikuta Tabora, wa Bukoba anapangiwa Songea, waranti ya treni mfukoni na sanduku la bati kichwani. Mzee wangu ni wa kipindi hicho na mpaka leo simu zake nusu ni za watu aliolala nao bweni moja, kuna mtoto wa mkulima wa korosho na kuna mtoto wa mtu mkubwa serikalini, wote walikula maharage yale yale yenye wadudu na wote waliogopa hesabu. Sisemi ilikuwa peponi jamani, nafasi zilikuwa kiduchu na wengi waliishia la saba wakarudi shamba. Ila nchi ilikuwa inajua kwamba kuchanganya watoto ni kazi ya serikali, haijifanyi yenyewe.

Sasa ikaja MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, mwaka 2004, na marehemu Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu akaikazania kweli kweli, kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi tulichangishwa, tukabeba matofali, shule zikasimama. Mi sipingi shule za kata hata kidogo, bila zile maelfu ya watoto hasa wa kike wasingeona mlango wa sekondari. Tunakumbuka mtaani zilivyoitwa yeboyebo na tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyotoka Februari 2013 yakaonesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri mpaka serikali ikayafumua na kuyapanga upya. Toka hapo hali imebadilika, maabara zimejengwa, walimu wa sayansi wameongezwa japo hawatoshi. Yote sawa. Lakini kuna kitu kimoja kilipita kimya kimya, kwamba kata, ambayo kazi yake ni kumpata diwani, imegeuka kuwa uzio wa elimu. Hakuna aliyechora kata akiwaza darasa. Kata ya Tandale ina watu wa Tandale, sasa ukisema sekondari ya kata ya Tandale maana ake umeshaamua nani watakaokuwa mle ndani kabla hata mtoto hajazaliwa.

Alafu mkaongeza uzio mwingine juu ya ule. Mwaka 2016 Kinondoni ikagawanywa tukapata Ubungo, na Temeke ikagawanywa tukapata Kigamboni. Manzese, Mabibo, Mburahati, Sinza na Kimara zikaenda Ubungo, huku Msasani, Mikocheni, Kawe, Mwananyamala na Tandale zikabaki Kinondoni. Kiutawala labda ilikuwa na maana yake. Ila kwa upande wa shule, mahoteli ya ufukweni, ofisi kubwa na maduka makubwa yanayolipa leseni na ushuru wa huduma yakabaki upande mmoja, na Manzese ikajikuta upande mwingine na wenzake. Mapato ya ndani ndo yanajenga vyoo vya shule na kununua madawati, mnajua hilo kuliko mimi. Mtu wa Sinza na mtu wa Tandale wanaweza kwenda kununua nyanya soko moja kwa miguu, lakini watoto wao wana wakurugenzi wawili tofauti, bajeti mbili na maafisa elimu wawili ambao sina uhakika kama wana namba za simu za kila mmoja.

Na msiniambie mipaka haichoreki upya. Mwaka jana tu wa uchaguzi, 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi imegawa majimbo tukapata Kivule na Chamazi hapa hapa Dar, kwa sababu watu wamekuwa wengi. Sawa kabisa. Kwa hiyo ramani inakunjuka ikiwa kuna mbunge wa kupatikana, ikifika kwa mtoto wa darasa la kwanza ndo inakuwa imeandikwa kwenye jiwe?

Sasa niwaeleze mpaka unafanyaje kazi kwa macho ya mzazi, maana nadhani huko juu mnaona namba tu.

Mwanangu yuko darasa la tano shule moja ya serikali huku kwetu. Wifi yangu anakaa kata ya jirani, yeye mtoto wake yuko shule nyingine ya serikali, darasa hilo hilo. Serikali ni moja, ruzuku ni ile ile shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, hata sare hazitofautiani sana. Kwenye kikao cha wazazi cha shule ya wifi, robo tatu ya wazazi wana mshahara wa mwezi, kuna manesi, kuna walimu, kuna mtu wa benki, kuna askari. Mwenyekiti wa kamati akasimama akasema tuna upungufu wa mwalimu wa hesabu, tumepata kijana wa kujitolea, tunaomba kila mzazi atoe elfu tano kwa mwezi tumlipe posho na itoshe na kutoa kopi za mitihani ya kila wiki. Wakabishana dakika kumi, mmoja akauliza risiti iko wapi, wakakubaliana, jioni hiyo hiyo likaundwa grupu la watsapu na michango ikaanza kuingia kwa simu. Kwa hiyo mtoto wa pale kila Ijumaa anafanya mtihani uliochapwa kwenye karatasi, unasahihishwa, anarudi nao nyumbani.

Kwetu mwalimu mkuu alisimama akaomba elfu moja. Moja tu. Ya mlinzi na bili ya maji. Tulikuwa wazazi wachache maana kikao kiliwekwa siku ya kazi asubuhi, na muuza mihogo hawezi kufunga kikaango aje kukaa kwenye benchi. Waliokuja wakaguna, mama mmoja akasema mwalimu mi nna watatu hapa, hiyo elfu tatu ndo mboga ya leo, na alikuwa haongopi, mi namjua. Mwalimu mkuu akaishia kutukumbusha kwamba mchango ni hiari, maana waraka wa elimu bila malipo unambana na anajua akilazimisha kesho anaitwa wilayani. Kwa hiyo kwetu mtihani wa wiki unaandikwa ubaoni. Watoto wanakopi maswali kwanza, na walioko nyuma hawaoni vizuri, na muda unaisha kabla hawajamaliza kukopi. Mwalimu ni mzuri, simlaumu hata kidogo, ana watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja na chaki yake.

Mnaona tofauti hiyo haipo kwenye ripoti yenu hata moja. Kwenye ripoti zote mbili ni shule za serikali, zote zina mwalimu mkuu, zote zimepokea ruzuku. Na pesa bado ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mdomo. Pale kwa wifi choo kiliziba, mzazi mmoja akampigia afisa elimu moja kwa moja, wamesoma wote chuo, wiki haikuisha fundi akaja. Huku kwetu hakuna mwenye namba ya afisa elimu. Wazazi wanaogopa hata kuingia ofisi ya mwalimu mkuu, wanasimama mlangoni. Ukikusanya sehemu moja wazazi wote wasio na pesa na wasio na sauti, umetengeneza shule ambayo haina mtu wa kuisemea, na hiyo hata mkijenga ghorofa haitibiki.

Ndo maana nasema mchanganye. Siombi mlete mtoto wa Masaki aje akae na mwanangu, mi sio mtoto mdogo, wale wameshaondoka zamani na ingilishi midiamu zao na hawarudi kwa mstari wa ramani. Naongelea tabaka la kati ambalo bado liko na nyie: nesi, karani, mwalimu mwenyewe, fundi mwenye karakana, mwenye duka la jumla. Hao bado wanatumia shule za serikali ila wamejikusanya kwenye shule chache, na wanajua jinsi ya kuingia. Ukienda kuandikisha mtoto darasa la kwanza unaambiwa lete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha unakaa hapa. Mwenye ujanja anapata barua hiyo kupitia kwa ndugu anayekaa mtaa wenye shule nzuri, au anakuja na kimemo, na kimemo mnakijua, kakaratasi kadogo "msaidie huyu ni kijana wangu". Asiye na ndugu wala kimemo anabaki pale alipozaliwa. Kwa hiyo mpaka wenyewe unambana mnyonge peke yake, mwingine anauruka.

Na kuna hizi shule za msingi za serikali za mchepuo wa kiingereza. Olympio na Diamond pale Upanga zinajulikana miaka yote, na siku hizi halmashauri kibao zimefungua za kwao. Ardhi ni ya umma, walimu wanalipwa na hazina, ila kuingia kuna usaili, na ukishaingia kuna ada au mchango ambao kwa mama wa mihogo ni faida ya mwezi mzima. Mtoto wa miaka sita anafanyiwa usaili wa kiingereza! Atakuwa amekitoa wapi kama sio chekechea ya kulipia? Nawaelewa wazazi wanaozigombania, hata mi ningepata ningepeleka, sio mnafiki. Lakini hii ni mali ya umma yenye geti, na geti limewekwa na nyie nyie mnaosema elimu ni bila malipo toka 2016.

Mtaniuliza kwa nini nasema sasa hivi. Ni kwa sababu ya 2028. Kwa sera na mtaala mpya shule ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 mikondo miwili inaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Mtahitaji madarasa mara mbili, mtahitaji kupanga upya nani anaenda wapi, mtake msitake. Mipaka itachorwa tu. Swali ni itachorwa na mtu anayefikiria, au itachorwa usiku wa Desemba na kompyuta inayotafuta kiti kilicho wazi. Uwezo wa kukimbia mnao, 2021 kwa zile fedha za UVIKO mlijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache tu mpaka mafundi wakawa wanalala saiti. Ila tukijenga tena kwa staili ya kila kata na lake, tutakuwa tumeusimika huu utengano kwa zege kwa miaka hamsini mingine.

Ninachopendekeza sio kigumu. Acheni kata, tumieni kanda. Chukueni kata zinazopakana ambazo hali zake hazifanani mziweke kanda moja, kwa mfano Msasani, Mikocheni, Kinondoni, Hananasif na Mwananyamala ziwe kanda moja, na kwingine Kijitonyama, Makumbusho, Tandale, na kama wakurugenzi wa Kinondoni na Ubungo wanaweza kukaa meza moja wakanywa chai, Sinza na Manzese ziingie humo humo. Ndani ya kanda mzazi anajaza shule tatu anazotaka. Zikijaa, ipigwe kura ya bahati nasibu hadharani, na sharti liwe kwamba hakuna shule itakayobeba watoto wa kaya maskini kupita kiasi kuliko shule nyingine ya kanda hiyo, na hakuna itakayowakwepa. Kipimo cha nani ni kaya maskini mnacho tayari, orodha ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, ipo mpaka ngazi ya mtaa. Najua orodha za TASAF zina mambo yake, kuna bibi anastahili hayumo na kuna mwenye nyumba ya kupangisha yumo, kwa hiyo msiitumie peke yake, changanyeni na mtaa anaokaa mtoto na kazi ya mzazi iliyojazwa kwenye fomu ya kuandikisha. Na tafadhali sana, hayo yabaki ofisini. Isije kutokea mwalimu anasimama mstarini asubuhi anasema watoto wa TASAF wapite huku. Nimeshawahi kuona hivyo kwenye kugawa madaftari na sitaki kukiona tena.

Waliopo madarasani waachwe walipo, mtu asihamishwe katikati ya darasa la nne akaacha marafiki zake. Anzieni na darasa la kwanza na kidato cha kwanza. Ndugu wa tumbo moja waende shule moja, maana mkubwa ndo anayemshika mdogo mkono kuvuka barabara. Na zile za mchepuo wa kiingereza zitengewe nafasi za bure kwa watoto wa kaya maskini wa kanda, bila usaili, idadi ya kueleweka sio wawili wa kupigia picha.

Hapo kwenye barabara kuna mtu ataruka, atasema mtoto atatembea mbali. Hoja ya kweli, na mi siwezi kukubali mtoto wa miaka sita apande daladala. Kwa shule za msingi kanda lazima iwe ya kutembea kwa miguu, na isikatwe na barabara kubwa. Lakini mkiwa wakweli, hii ya kata tuliyonayo hailindi hata hilo, kuna watoto wanavuka Barabara ya Morogoro kwenda shule ya kata yao wakati upande wao wa barabara kuna shule nyingine wasiyoruhusiwa kwa sababu iko kata ya pili. Chukueni kalamu mtembee, mtaona.

Kwa sekondari ni habari nyingine. Watoto wa sekondari Dar tayari wanasafiri, wapo wa Gongo la Mboto wanaosoma mjini wanaoamka saa kumi usiku, kwa hiyo hoja ya umbali imeshavunjwa na nyie wenyewe, ila imevunjwa bila mpango. Shida yao kubwa ni daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, konda akimuangalia mwanafunzi anaona hasara. Kila asubuhi kituoni ni hadithi ile ile, gari linafika, konda anaweka mkono mlangoni, "wanafunzi wawili tu wawili tu", wawili wanaingia, mmoja anabaki na mguu ndani anasukumwa, begi linadondoka, watu wazima tunapanda tunapita juu ya hilo begi. Binti anafika shule saa mbili na nusu anachapwa kwa kuchelewa. Sasa mkichora kanda za sekondari zifuate njia za mwendokasi, ya Kimara kuja mjini na ile ya Mbagala, na mkaweka mabasi mawili matatu ya wanafunzi asubuhi na jioni, mtakuwa mmefanya kitu ambacho hakuna kata ingeweza kukifanya. Pesa ya hayo mabasi itafutwe huko huko kwenye ushuru wa huduma wa halmashauri zenye mahoteli, maana watoto hawa ndo watakaokuja kufanya kazi kwenye hayo mahoteli.

Hoja nyingine nimeshaisikia mara nyingi, kwamba mkichanganya kiwango kitashuka na wale wa kati nao watakimbilia praiveti. Baadhi watakimbia, sikatai. Lakini wengi hawana pa kukimbilia, ada ya praiveti wameshaipigia hesabu wakaona haiwezekani, ndo maana wako kwenye hiyo shule ya serikali inayosifiwa. Na kinachowafanya waone shule nyingine ni mbovu mara nyingi sio walimu, walimu wote ni wa vyuo vile vile na wanahamishwa kila siku, ni wale wanafunzi waliomo tu na sifa ya mtaa. NECTA, wale wa baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora toka matokeo yale ya Januari 2023, walisema haina tija kushindanisha shule zenye mazingira tofauti, mi niliwapigia makofi. Ila mtaani hiyo orodha bado ipo vichwani mwa watu na inasomwa kwa jina la kata. Ukisema mwanangu anasoma shule ya Tandale, mtu anakuonea huruma kabla hajauliza amepata ngapi.

Tena wale wa kati wakigawanyika kwenye shule nyingi badala ya kujazana moja, kila shule inapata wazazi wake ishirini thelathini wenye mshahara na wenye sauti. Hao wanatosha. Kamati ya shule haihitaji wazazi mia tano wenye pesa, inahitaji wachache wanaojua kuuliza risiti iko wapi, na ambao choo kikiziba cha kwao pia kimeziba.

Sitauliza watoto wenu wanasoma wapi. Nimeambiwa nisiulize.

Sasa ninachokiomba kwa kuanzia, kabla hata ya kuchora chochote. Kila halmashauri itoe ramani moja inayoonesha kila shule ya serikali, watoto wake wanatoka mitaa gani, wangapi wako kwenye kaya za TASAF, wanakaa wangapi darasani, na shule imechangiwa kiasi gani na wazazi mwaka uliopita. Bila majina ya watoto. Takwimu hizo mnazo, zimelala kwenye mifumo tofauti tofauti. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, kwa karatasi kubwa inayosomeka, msitutumie faili la kurasa mia mbili ambalo simu zetu hazifungui. Watu wakishaiona ndo tukae kwenye mikutano ya maoni, na hiyo mikutano iwekwe Jumapili jioni, sio Jumanne saa nne asubuhi wakati mama wa mihogo yuko jikoni. Na kwenye kamati ya kuchora kanda wawepo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao kutoka Tandale, Manzese, Mbagala na Buguruni, sio wawakilishi mtakaowateua kwa simu.

Uandikishaji wa darasa la kwanza huwa unaanza mwezi wa kumi. Mkianza kuitengeneza hiyo ramani sasa, mtakuwa mmepata mwaka mzima wa kubishana na sisi kabla mikondo miwili haijagonga hodi.

Wenu,
Mzazi wa darasa la tano, Mwananyamala